Kufuli la Lala Salama

Siku mradi wa Lala Salama ulipozinduliwa mtaani kwetu Voi, hema lilikuwa la wageni na jua lilikuwa letu. Hilo silalamikii, jua la Voi tumelizoea. Lakini askari mmoja msichana, anaitwa Valarie, alitoka chini ya hema akaniletea kiti chake bila kutumwa na mtu, akasimama nyuma yangu mpaka hotuba zikaisha. Kati ya yote niliyoyaona serikali ikifanya siku ile, kiti hicho ndicho kilichonisaidia.

Ni kweli wezi walikuwa wametuchosha. Walikuwa wakija mchana, watu wakiwa kazini, wanavunja mlango na kuchukua mtungi wa gesi, televisheni, godoro. Nyumba moja walibeba hata sufuria pamoja na ugali uliokuwa ndani. Tukipiga ripoti, polisi wanakuja, wanatazama mlango, wanasema, "Mlango umevunjwa," halafu wanaenda zao. Baada ya kulalamika kwa muda mrefu tukaitwa uwanja wa shule, na mheshimiwa mmoja aliyetoka mbali akatuambia kwamba utafiti umefanywa na shida imeonekana. Shida ni milango yetu. Alisema mwananchi anayefunga mlango wake kwa kufuli bovu ndiye anayemlea mwizi. Nilikuwa nadhani mwizi hulelewa na mama yake.

Kisha akasimama Sajenti Hudson, mkuu wa kile kituo kidogo cha polisi cha mtaani. Alitoa kufuli la kijani, akaliweka juu ya meza, akalipiga nyundo kwa nguvu zake zote. Meza ikapasuka. Kufuli likabaki zima. Watu wakapiga makofi, na mwalimu mkuu, aliyeazimisha meza, naye akapiga.

"Mmejionea wenyewe," Sajenti akasema. "Mwizi akija na nyundo, atachoka. Akija na mtaimbo, atachoka. Kuanzia leo mwizi wa hapa ni mtu wa kuchoka tu."

"Na akija na ufunguo?" Sylus akauliza. Sylus ni jirani yangu, chumba chake kinapakana na changu. Ni mpishi katika hoteli moja ya watalii, na mdomo wake hauna likizo.

Watu wakacheka. Sajenti naye akacheka, maana wakubwa walikuwa wakicheka. "Akija na ufunguo, kijana, huyo si mwizi. Huyo ni mwenye nyumba."

Tukagawiwa makufuli, kila nyumba moja, na funguo mbili mbili. Bwana Mukonyo, naibu wa chifu, alipita mlango hadi mlango kuhakikisha tumeyafunga na ya zamani tumeyatoa. "Asiye na kufuli la mradi," alisema, "akiibiwa asiniletee machozi ofisini." Naye Mwandawiro, mwenye plot yetu ya vyumba vya kupanga, akataka kumpendeza mheshimiwa. Akapaka milango yote rangi ya kijani ifanane na makufuli. Mlango wangu ulikuwa wa buluu iliyobambuka kando ya bawaba, na niliujua kama uso wa mtu. Mimi nilizaliwa Mwanda, huko juu kwenye ukungu, na niliteremka Voi kwa sababu ya macho, niwe karibu na daktari. Kwa macho yangu haya, rangi ile ilinipoteza. Nikawa nahesabu milango kwa kidole kama mtoto wa chekechea.

Sasa niseme habari za Mwangangi, kwa sababu yote haya yalimwangukia yeye.

Mwangangi anauza maji. Mtaani kwetu mfereji unatoa maji ukipenda, na ukikosa kupenda unatoa hewa. Kwa hivyo Mwangangi anajaza mitungi kwenye kioski ya maji, anaipanga kwenye mkokoteni wake, anatuletea. Wengi wanatoka alfajiri kwenda kazini, kwa hivyo kila nyumba ilimwachia ufunguo mmoja, aingie na kujaza pipa wenyewe wakiwa hawapo. Alikuwa anazivaa funguo zile shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Hakuna aliyemwambia asipoteze. Hakupoteza.

Siku moja nilimwona amesimama mbele ya chumba cha Sylus, na nilijua Sylus yuko kazini. Akasema, "Hodi." Akangoja. Akasema tena, "Hodi." Ndipo akafungua.

"Mwangangi," nikamwita, "unambishia nani? Hakuna mtu humo."

"Najua, nyanya."

"Sasa?"

"Mtu asiingie nyumba ya wenyewe kama ng'ombe," akasema, akainua mtungi begani.

Akiingia kwangu, alikuwa akinipunguzia maji kwenye ndoo ndogo kwanza, ili nisiiname ndani ya pipa. Sikuwahi kumwomba. Aliona tu jinsi ninavyoshika kiuno.

Makufuli ya mradi yalikuwa hayajapata hata kutu wakati Gertrude alipoibiwa. Gertrude ni fundi wa kushona, chumba cha tatu kutoka kwangu. Watu wanamwita Mama Alex kwa mwanawe Alexander aliye shule ya bweni. Alikwenda Taveta sokoni kununua vitambaa, akalala kwa dada yake huko Bomeni, akarudi kesho yake. Kufuli lake lilikuwa linaning'inia pale pale, limefungwa vizuri. Akalifungua, akaingia, na mle ndani hamkuwa na cherehani, wala televisheni, wala mtungi wa gesi. Mwizi alikuwa ameiba, akafunga mlango, akaenda. Mwizi mwenye malezi mema.

Sajenti Hudson alikuja haraka safari hii, kwa sababu mradi ulikuwa wake. Hakuuliza cherehani ilikuwa ya aina gani. Alilishika kufuli, akaligeuza, akalipangusa kwa kidole gumba.

"Kufuli ni zima," akasema, kama baba aliyeletewa matokeo ya mtihani. "Mmeona? Halina hata mkwaruzo."

"Vitu vyangu vimeenda, afande," Gertrude akamwambia.

"Vitu vimeenda, ndiyo, lakini kufuli limefanya kazi yake. Kwa hivyo aliyeingia alikuwa na ufunguo. Ufunguo wako mwingine anao nani?"

Gertrude alikuwa analia, na mtu anayelia hujibu alichoulizwa. "Mwangangi wa maji."

Basi. Uchunguzi ulikuwa umekwisha. Ulichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, na tena chai yenyewe ikiwa imepoa.

Walimkuta kwenye kioski akijaza maji, wakamtia pingu mtungi ukiwa bado unafurika. Walikwenda kupekua chumba chake, wakapata godoro, jembe na mashati mawili. Walipokosa cherehani wakasema, mnaona alivyo mjanja, ameificha. Wangeipata wangesema mnaona alivyo mjinga. Hakukuwa na namna ya kuwapendeza. Funguo zetu zote zilivuliwa shingoni mwake zikapigwa picha juu ya meza. Jioni ile gari la kipaza sauti likazunguka mtaani, Bwana Mukonyo ndani, akitangaza kwamba Lala Salama imezaa matunda na mwizi wa majumba yuko ndani. Ilikuwa Ijumaa. Kortini angepelekwa Jumatatu.

Mkokoteni uliachwa barabarani na maji yake. Watu tunaojuana, tunaosali pamoja, walikuja wakajichotea mpaka mitungi ikabaki mitupu. Ni yule Valarie aliyerudi baadaye akausukuma mwenyewe, na sare yake, akauweka nyuma ya kituo penye kivuli ili magurudumu yasipasuke kwa jua.

Jumamosi nilipika kimanga, nikaponda ndizi na maharagwe vizuri, nikampelekea. Valarie aliniruhusu kupitisha bakuli chini ya mlango wa seli. Mlango una dirisha dogo la nondo, na mimi si mrefu, kwa hivyo tuliongea yeye akiwa amechuchumaa ndani na mimi nimechuchumaa nje, tukiambiana kupitia ile nafasi ya chini.

"Umekula jana?"

"Yule askari msichana alinipa mkate wake."

"Mwangangi, wewe hukuchukua kitu."

"Nyanya unajua. Mungu anajua." Akalisogeza bakuli kando. "Lakini Jumatatu nikisimamishwa kortini, nimekwisha. Hata wakiniachilia baadaye, nani atampa ufunguo mtu aliyepanda kizimbani? Kazi yangu si maji, nyanya. Maji yako kwenye mfereji. Kazi yangu ni kuaminiwa."

Nilimwambia ale kabla hakijapoa, nikaondoka.

Jua la saa saba lilikuwa limenisimamia utosini, na macho yangu kwenye mwanga ule huona maji matupu. Nikafika plot, nikahesabu milango, na huenda nilikuwa nawaza mengine nikihesabu. Nikatia ufunguo, kufuli likafunguka, nikaingia. Nilivua viatu. Nilitia miguu kwenye karai la maji, nikaketi. Nikaona kiti kimelegea upande mmoja, nikajisemea kwamba hata kiti kimezeeka. Nilitafuta picha ya marehemu mume wangu ukutani, na badala yake kulikuwa na mchezaji mpira asiyevaa shati.

Nilikuwa bado namtazama mchezaji yule, nikijiuliza ni ndugu wa nani, Sylus akaingia.

Alisimama mlangoni. "Shosho?"

"Karibu, mwanangu."

"Asante," akasema. "Lakini hapa ni kwangu."

"Kwako wapi?"

"Hapa. Hilo ni karai langu. Hayo ni maji nilikuwa nimeloweka soksi."

Nikatoa miguu. Kweli, soksi zilikuwemo. Alicheka mpaka akashika kizingiti, na mimi nikacheka kwa sababu aibu ikizidi mtu hucheka. Kisha akageuka akautazama mlango.

"Shosho, umeingiaje? Mimi nilifunga."

"Kwa ufunguo."

"Gani?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa wangu, una uzi mwekundu niliofunga mwenyewe. Akatoa wake, akaenda kwenye mlango wangu, akatia, akageuza. Kufuli langu likamfungukia bila hata kusita, kama mbwa anayemjua kila mgeni.

Tulikwenda kwa Gertrude, tukamwita nje, Sylus akalifunga kufuli lake na kunipa ishara. Nikatia ufunguo wangu wa uzi mwekundu. Likafunguka. Tukapita mstari mzima, vyumba vyenye wenyewe tukibisha na kuomba radhi, visivyo na wenyewe tukifungua na kufunga papo hapo. Mlango wa mwisho ulikataa. Sylus akaupigapiga kama farasi na kuusifu.

"Nyumba Kumi ndiyo hii sasa," akasema. "Tumekuwa tukiambiwa na serikali tuishi kwa Nyumba Kumi, majirani tujuane. Nyumba kumi, ufunguo mmoja."

Gertrude hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, mikono mapajani. "Basi mtu yeyote," akasema. "Mtu yeyote mwenye kufuli hili, mtaa wowote."

"Yeyote."

"Na mimi nikataja Mwangangi."

"Uliulizwa ufunguo uko kwa nani, ukajibu," nikamwambia.

"Nyanya, usinifunike. Nilikuwa najua hawezi. Nilipolitaja jina nilikuwa najua hawezi, na nilipowaona wanaenda nikanyamaza."

Nikamshika bega. Nikamwambia twende wote kituoni. Akatikisa kichwa, akasema hataweza kumtazama Mwangangi usoni. Sylus naye alikuwa na zamu ya jioni, na hoteli haimngojei mpishi. Akaniuliza kama nitajiweza peke yangu.

"Unataka kusema watanifanya nini," nikamwambia, "wanizeeshe?"

Kituoni niliwakuta Sajenti Hudson na Bwana Mukonyo wakinywa soda, wakipanga jinsi mheshimiwa atakavyokuja Jumatatu kujionea mwizi akipelekwa kortini. Walikuwa wanabishana kama hema moja litatosha. Nikasalimu, nikawaeleza yote kuanzia kwenye karai la soksi.

Sajenti alinisikiliza akitabasamu, ile tabasamu wanayowapa wazee na watoto. "Nyanya, umechoka na jua."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini kufuli limefunguka."

"Haya ni mambo ya kiufundi," Bwana Mukonyo akasema. "Yale makufuli yalipimwa. Wewe ulikuwepo."

"Yalipimwa kwa nyundo, mwanangu. Mimi nimeyapima kwa ufunguo."

Wakatazamana. Tabasamu ya Sajenti iliisha kidogo kidogo, kama maji ya mfereji wetu.

"Umemwambia nani mwingine?" akauliza.

"Walio kwenye plot wameona."

"Sasa nisikilize vizuri, nyanya. Habari hizi ukizieneza, kila mwizi wa Voi atajua. Watu wataibiwa kwa sababu yako. Unataka hilo?"

Nilimwangalia yule mwanamume mzima. "Mwizi aliyeingia kwa Gertrude alijulishwa na nani? Wezi wanajua. Wasiojua ni wenye nyumba, na nyinyi. Na yule aliye ndani hakosi usingizi kwa sababu yangu."

"Huyo Jumatatu ataongea na hakimu," Mukonyo akasema, na akarudi kwenye habari za hema.

Kwao mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Nikasema basi niruhusuni nichukue bakuli langu. Sajenti akapunga mkono bila kunitazama. Valarie alikuwa kwenye meza ya mbele, pale karibu na seli, na alikuwa amesikia yote. Nikaenda kwenye mlango wa seli, nikainama kuchukua bakuli, na nilipokuwa nainuka nikaliona kufuli. Mara ya kwanza nilikuwa nimechuchumaa mbele yake muda wote ule bila kuliangalia. Lilikuwa la kijani. Kituo nacho kilikuwa kimegawiwa.

Nikatoa ufunguo wa uzi mwekundu. Nikamtazama Valarie. Naye akanitazama, akaangusha kalamu yake chini, akainama kuitafuta, na aliitafuta kwa muda mrefu sana kalamu iliyokuwa karibu na kiatu chake.

Nikageuza. Kufuli likafunguka. Mlango wa chuma ukalia ukijivuta wenyewe, na Mwangangi akasimama humo ndani akiwa na mwanga usoni. Alinitazama, akatazama nje, halafu akarudi nyuma akaketi kabisa sakafuni.

"Nyanya, funga," akasema. "Tafadhali. Watasema nimetoroka."

Sajenti alifika na chupa ya soda mkononi. Nadhani hakuwa na habari kwamba ameishika. "Umefanya nini?"

"Nilikuwa nachukua bakuli."

"Nani amekupa ufunguo wa seli?"

"Wewe. Kule uwanjani. Nilipanga foleni."

Bwana Mukonyo naye akafika. Sajenti alianza kusema kwa sauti kubwa kwamba kumtorosha mshukiwa ni kosa, kwamba uzee si kinga, kwamba anaweza kuniweka ndani sasa hivi pamoja na huyo rafiki yangu.

"Hakuna aliyetoroka," nikasema. "Huyo hapo ameketi. Lakini ukitaka niingie nitaingia. Utanifungia na kufuli gani? Hilo? Na ufunguo akae nao nani, mimi au wewe?"

Mwangangi aliinamisha kichwa. Kwa jinsi mabega yalivyotikisika nilijua anajizuia kucheka, na nilifurahi, kwa sababu tangu Ijumaa nilikuwa nikihofu amevunjika.

"Uwanjani ulisema anayekuja na ufunguo si mwizi, ni mwenye nyumba," nikaendelea. "Mimi sitaki kituo chako, mwanangu. Kina joto. Namtaka mtu wangu wa maji."

Sajenti akaenda kwenye meza, akafungua kitabu cha matukio, akaanza kuandika jina langu. Akaniuliza kijiji. Nikamwambia Mwanda. Akaandika. Akaandika pia kwamba nimefungua mlango wa seli ya polisi, na hapo kalamu ikasimama, kwa sababu baada ya hapo ni lazima uandike kwa kutumia nini.

"Andika tu," nikamwambia. "Mimi kusoma kwangu ni Biblia na gazeti la kufungia nyama, lakini hapo hakuna neno gumu. Ufunguo. Wa nyumba. Ya bibi kizee."

"Usiandike," Bwana Mukonyo akasema.

Wakatoka nje wote wawili, wakasimama nyuma karibu na mkokoteni, wakanong'onezana kwa mikono zaidi kuliko kwa midomo. Valarie alikuwa ameipata kalamu yake. Alimpa Mwangangi maji ya kunywa, akaniletea kiti, na kwa mara ya pili tangu nimjue kiti kile kilikuwa chake.

Waliporudi, Sajenti alisema kwamba uchunguzi unaendelea na kwa sasa ushahidi hautoshi, kwa hivyo mshukiwa anaachiliwa. Alimwambia Mwangangi asiondoke Voi. Hakumwambia pole. Nilingoja, nikidhani labda pole inakuja nyuma kama mkia, lakini haikuja. Mimi aliniomba, sasa kwa upole, nisilisemeseme jambo hili mpaka wakubwa watoe mwelekeo. Nikamwambia aombe kwa Mungu, mimi sikuahidi kitu. Nasikia jioni ile seli ilifungwa kwa mnyororo wa baiskeli ya Bwana Mukonyo.

Sikulazimika kusema sana. Jumapili baada ya ibada makufuli ya kijani yalikuwa yanang'olewa mtaa mzima, na watu wakifukua ya zamani chini ya vitanda. Watoto waliyatumia ya mradi kuwa mawe ya mchezo wa kuruka. Mheshimiwa hakuja Jumatatu. Tuliambiwa ana dharura. Gari la kipaza sauti lililotangaza mwizi halikurudi kutangaza kwamba hakuwa mwizi. Petroli ya kuchafua jina ilikuwepo, ya kulisafisha haikupatikana. Baadaye Bwana Mukonyo alitueleza barazani kwamba mradi ulifaulu vizuri ila wananchi hawakuuelewa, na kwamba kuna awamu ya pili, makufuli ya rangi ya kahawia. Kuhusu cherehani ya Gertrude, hakuna anayeitafuta. Mwizi wake yuko mahali, anashona au ameiuza.

Mwangangi alirudi na mkokoteni wake wiki ile ile. Lakini funguo alikataa. Nilipompa wangu mpya, alinirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha chakula akiwa mgonjwa. "Nitakuwekea mlangoni, nyanya." Akawa anaweka mitungi nje ya kila mlango, na jioni wanawake waliochoka wanarudi na kuiburuta wenyewe. Wengine maji yalimwagwa na mbuzi kabla hawajafika. Walinung'unika, hata wale waliochota kwenye mkokoteni wake siku ile alipokamatwa. Hao niliwaacha wanung'unike. Kwangu alikubali kuingia kwa sharti moja, niwe nimeketi ndani. Kwa hivyo siku za maji siendi popote.

Gertrude akanijia akiwa na ombi. Alikuwa amepata kazi ya kushona kwenye duka la mtu, anatoka mapema, na kila siku anakuta mitungi imeanguka. Aliniuliza kama naweza kuwa naketi kwake dakika chache Mwangangi anapopita, ili akubali kuingia na kujaza pipa.

"Naweza," nikamwambia. "Lakini kwanza mwambie lile uliloniambia mimi kizingitini. Mwambie yeye."

"Nyanya, nitaanzia wapi?"

"Anapita kesho asubuhi. Chelewa kazini."

Alichelewa. Nilikuwa mlangoni kwangu nachambua mchicha nilipomwona ametoka, amesimama katikati ya njia, na Mwangangi akasimamisha mkokoteni kwa sababu hakukuwa na pa kupita. Gertrude aliongea taratibu na sikusikia yote. Nilisikia, "Nilikuwa najua huwezi, na nikanyamaza." Mwangangi alikuwa anaangalia gurudumu. Alilipiga teke kidogo, kama mtu anayepima upepo.

"Mitungi mingapi, Mama Alex?" akauliza.

"Minne. Lakini umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

Gertrude akatoa ufunguo mfukoni, akaunyoosha. Mwangangi hakuupokea. Akainua mtungi begani, na maji yakamtiririkia kidogo mgongoni, akaelekeza kidevu kwenye mlango.

"Tangulia wewe," akasema. "Fungua, uingie. Mimi nafuata."

Gertrude akatangulia, akafungua, akasimama kando ya pipa akilishikilia ili lisiyumbe. Mpaka leo ndivyo wanavyofanya, na huko dukani anakoshona wanajua kwamba siku za maji huchelewa.